Farasi Aliyemkataa Mwanawe

Asubuhi Nasma alipozaa, zizi la Madam Arwa, pembezoni mwa Dubai, lilijaa furaha pomoni. Nasma alikuwa farasi wa Groningen, ukoo wa Uholanzi wenye kifua kipana na tabia ya upole, uliobaki na wachache mno duniani. Tena umri ulikuwa umemtupa mkono. Huo ndio ungekuwa uzazi wake wa mwisho.

Kwa shangwe zake, Madam Arwa alifanya kama bibi zake wa Unguja walivyomfanyia mtoto mchanga: kile kitoto kikapanguswa kwa maji ya waridi, kikafukizwa udi, kikanukia kama bwana harusi. Nasma alikinusa mara moja, akarusha teke. Kila kiliposogelea chuchu alikifukuza, na hata kukamuliwa alikataa. Saa mbili zikapita kisionje dang'a, yale maziwa ya kwanza yenye kinga, nacho kikaanza kulegea. Daktari alikuwa amekwama kwenye foleni.

Fortunate, mfanyakazi wa ndani aliyefika kutoka Mbarara wiki tatu tu zilizopita, alikuwa ameleta chai. Aliyaona hayo, moyo ukamuuma.

"Madam, samahani. Mama hamtambui mtoto kwa sababu ya hiyo harufu. Kwetu ng'ombe akikataa ndama, tunampaka chumvi."

"Hii ni farasi," alimkatiza Alfred, mtunza farasi kutoka Kenya. "Wewe rudi kwa vyombo."

"Mwache, Alfred," alisema Madam Arwa. "Mie sina jengine. Haya mwanangu, fanya ujuavyo."

Fortunate alikiosha kitoto kwa maji ya vuguvugu, akakipaka ute wa kondo la nyuma lililokuwa bado ndooni, kisha akakinyunyizia chumvi mgongoni. Akaanza kuimba taratibu wimbo wa kukamulia wa kwao. Nasma akatega masikio. Akalamba mara moja, akalamba tena, hakuacha. Kitoto kikajikongoja hadi tumboni kwa mama yake, kikanyonya.

Alfred alivua kofia. "Dada, nilikukosea. Asante sana."

Madam Arwa alimkumbatia Fortunate huku akilia, ute ukimchafua abaya asijali. Naye Fortunate, aliyekuwa akijiona mzigo katika nyumba ya watu, alimshukuru Mungu kwa kila ng'ombe wa baba yake. Wahenga hawakukosea waliposema: mgeni njoo, mwenyeji apone.