Toroli la Bi Hoza

Kutoa ni moyo, husema walimwengu. Watu wa Kwemhuza, kijiji kilichojishikiza ubavuni mwa milima ya Usambara, huipindua: kutoa ni mkono tu, kurudisha ndiko moyo. Na wakitaka kukuchoma nalo neno hilo likuingie, husema: Toroli la jirani halirudi bila upepo.

Bibi Tunu alimtupia mjukuu wake Zubeda maneno hayo mbele ya wageni, siku binti huyo aliporudisha simu ya bibi yake ikiwa imezimika, haina chaji hata ya kuitikia salamu. Zubeda alinuna mpaka wageni wakaaga. Mdogo wake, Mwajabu, ndiye aliyeshindwa kuvumilia.

"Bibi, toroli na simu wapi na wapi?"

"Kaeni hapa mchambue maharage," alisema Bibi Tunu, akiwasogezea ungo. "Methali hiyo haikushuka na mvua. Ilizaliwa hapahapa, na aliyeizaa ni Hoza. Sikilizeni ilivyokuwa."

Bi Hoza alikuwa mjane, mkulima wa kabichi. Marehemu mumewe alimwachia watoto wadogo, shamba la mteremkoni na toroli la chuma, na siku hizo kijiji kizima hakikuwa na toroli jingine. Siku za soko aliamka kabla ya adhana, akalipakia kabichi, akalisukuma hadi barabarani lilikosimama lori la mboga. Lori lile halikumjua mjane wala tajiri. Ukichelewa, limekwenda, na kabichi iliyoachwa na lori huishia kuwa karamu ya mbuzi.

Kwa hiyo toroli lile alilitunza kama mtu anayetunza mguu wake mwenyewe. Kila alfajiri, kabla hajanawa uso, alilibonyeza tairi kwa kidole gumba. Alfajiri, si mchana. "Tairi la mchana ni mwongo," alikuwa akisema. "Jua likilipiga, upepo unavimba ndani, kidole kinadanganyika. Liulize likiwa la baridi, litakwambia kweli." Likizama kidogo, alichukua pampu iliyoning'inia nyuma ya mlango, akalijaza hadi likakigomea kidole. Alilikagua na kuling'oa miiba kwa sindano. Hakuliacha lilale na mzigo. Jioni alilipindua chini ya upenu, tairi likatazama juu, lipumzike kama watu wengine. Nawe ungemwona akilisukuma, ungedhani halina kitu: mzigo mzito, mwendo mwepesi, na toroli limenyamaza kama paka, unachosikia ni kabichi tu zikigusana.

Tena hakuwa mchoyo. Aliyetaka kubeba mbolea alipewa. Mwenye mgonjwa wa kufikishwa barabarani alipewa, na mto wa kuegemea juu yake. Sharti lilikuwa moja: "Limetoka na upepo, lirudi na upepo." Na pampu alikuazima pia, usije ukasingizia.

Watu wakalifuata sharti lile kwa kunung'unika. Wakamwita Bi Gumba, kwa sababu ulipolirudisha toroli hakukupokea mkono kabla hajalibonyeza tairi. Akiitwa hivyo, aliitika.

Basi Mzee Shekalaghe akawa anamjengea mwanawe nyumba. Huyu alikuwa mtu mzito kijijini, mwenye kauli msikitini na kwenye misiba. Akaliazima toroli abebee matofali. Siku ya kwanza tairi likalegea, hakulijaza. Siku ya pili likalegea zaidi, akaongeza matofali. Ringi ikaubana mpira wa ndani juu ya mawe, ukatoboka. Naye akaona haidhuru, kazi yake imekwisha.

Alilirudisha Ijumaa, watu wanatoka msikitini, yeye mwenyewe na kanzu yake. Bi Hoza alikuwa mlangoni. Akampa shikamoo kwa heshima zote, kisha akainama, akalibonyeza tairi. Kidole kilikwenda hadi kwenye chuma.

"Mzee wangu," alisema, "hili silo toroli nililokupa."

"Silo vipi? Si hili hapa?"

"Nilikupa toroli. Umeniletea sinia lenye mikono. Naomba ulirudishe kwako, ulizibe, ulijaze, ndipo uniletee."

"Hoza! Mimi, hivi nilivyo, na watu hawa wote?"

"Watu hawa hawatalisukuma kesho alfajiri. Nitalisukuma mimi."

Akaingia ndani, akafunga mlango. Mzee Shekalaghe akabaki nje na toroli lake, na njia ya kurudi nalo ilikuwa moja tu, ile ya katikati ya mtaa. Akalisukuma. Ringi ikapiga kelele juu ya mawe, kwa, kwa, kwa, mbele ya kinyozi, mbele ya wanywa kahawa, mbele ya wakwe zake. Kesho yake soko likampita Bi Hoza. Alibeba kabichi alizoweza kichwani. Zilizobaki zikaliwa na mbuzi. Hakwenda kuligomboa toroli.

Jumapili wazee wakaita kikao uani kwa Mzee Mbilu, balozi wa mtaa. Mzee Shekalaghe alitaka radhi, tena ya hadharani. La sivyo, alisema, mtaa umtenge mwanamke huyo: asisaidiwe shambani, asizikiwe. Msichukulie mchezo neno hilo, wajukuu zangu. Mjane aliyetengwa milimani ni kuni iliyotolewa mekoni. Huzima yenyewe, bila kumwagiwa maji.

Bi Hoza alikaa mkekani, mikono magotini. Shingo hakuiinamisha.

"Kwanza niambieni," alifoka Mzee Shekalaghe, "huyu ananidai nini? Chuma chake kipo. Mikono yake ipo. Ananidai upepo! Nani kati yenu aliwahi kudaiwa upepo? Upepo ni wa Mungu!"

Uwanja ukacheka. Hata Mzee Mbilu alijifuta mdomo.

"Ni kweli," alisema Bi Hoza. "Upepo ni wa Mungu. Lakini kiuno kinachouma kwa kupampu ni changu. Mzee wangu, niruhusu nikuulize jambo la nyumbani kwako."

"Uliza."

"Ramadhani hii nilikuletea futari. Sahani yangu ilirudi vipi?"

Mzee Shekalaghe akaketi vizuri. Hapo alikuwa ameguswa penye sifa yake. "Ilirudi na tende! Na mwaka wa njaa ilirudi na ndimu mbili. Nyumba yangu, Hoza, tangu enzi za baba yangu, haijawahi kurudisha sahani ya jirani ikiwa tupu. Hata tusipokuwa na kitu, tutatia chumvi. Kurudisha sahani tupu ni kumtukana mtu!"

"Wote mmesikia?" aliuliza Bi Hoza, akiwazungushia macho.

"Tumesikia."

"Basi toroli ndiyo sahani niliyompa, na upepo wa tairi ndio chakula nilichotia. Mzee wangu amenirudishia tupu. Na kurudisha tupu ni nini, amesema mwenyewe."

Mke wa Mzee Shekalaghe, aliyekuwa nyuma ya mlango, akaangua kicheko ambacho mtaa mzima ulikitambua. Baada yake hakuna aliyeweza kujizuia. Kamba Mzee Shekalaghe aliitega mwenyewe, na mguu alioutia ulikuwa wake.

Mzee Mbilu akainua mkono. "Neno limeeleweka. Kutengwa hakupo. Ila, Hoza mwanangu, huyu ni mkubwa wako, na ulimtembeza na chuma kikipiga kelele. Mwombe radhi yaishe."

"Baba, kwa heshima yako, siombi. Nikiomba leo, kesho kila mtu atanirudishia ringi, na wanangu watakula radhi badala ya ugali. Niombeni maji, nitaleta. Niombeni toroli, nitaleta. Radhi sina."

Wote wakamgeukia Mzee Shekalaghe. Na hapa nampa haki yake, maana uungwana nao ni mali. Aliinuka, akakunja mikono ya kanzu, akasema, "Nileteeni lile toroli. Na pampu." Akalitia kiraka kwa mkono wake, akapiga magoti, akapampu hadi jasho likamdondoka ndevuni. Kisha akamtazama Bi Hoza.

Bi Hoza akabonyeza. "Bado," alisema.

Akapampu tena, huku uwanja unalia kwa kucheka, na yeye mwenyewe anacheka. Bi Hoza akabonyeza mara ya pili. Kidole kikagoma.

"Sasa limerudi," alisema.

Tangu siku hiyo, Kwemhuza, ukiazima jembe hulirudisha limenolewa, na ukiazima taa huirudisha na mafuta. Na aliyejisahau haambiwi mengi.

Bibi Tunu akapepeta ungo, makapi yakaruka. Zubeda alikuwa ameacha kununa, lakini hakuwa amesahau.

"Nimeelewa, Bibi. Lakini ulinisema mbele za watu. Hata pole tu?"

"Toroli la jirani halirudi bila upepo," alisema Bibi Tunu, akamwekea simu mapajani. "Chaja iko dirishani. Na radhi, mjukuu wangu, siombi."