Jina la Perege wa Ilundwe

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo. Leo siwaombi makofi, nawaomba hukumu. Na kwa kuwa kesi yenyewe ni ya jina, majina ya wahusika nitayataja kamili, isipokuwa moja, na sababu yake mtaiona.

Palikuwa na wataalamu watatu katika taasisi moja ya utafiti. Wa kwanza ni Dakta Tusajigwe Mwakalobo, binti wa mzee wa kanisa. Kipawa chake kilikuwa viumbe: ukimpa taya la samaki, atakuambia babu zake walikula nini. Wa pili ni Dakta Kassian Ndunguru. Kipawa chake kilikuwa mambo ya angani: nyota nazo huzaliwa, huzeeka na kufa, naye alizijua umri kwa kuzitazama, kama sisi tunavyojua umri wa majirani. Wa tatu ni Dakta Mwanahamisi Shekalaghe. Kipawa chake kilikuwa jamii: jinsi ukoo unavyogawanyika, jinsi lugha zinavyoachana, na jinsi mwiko unavyobaki hata wenyewe wakiwa wamesahau chanzo chake. Kila mmoja alikuwa na shamba lake, lakini zao lilikuwa moja, nalo ni mageuko: kitu hiki tunachokiona leo kilikuwaje kabla hakijawa hivi?

Sasa lijueni Ziwa Ilundwe. Ni dogo, la mviringo kama sahani, wala hakuna mto unaoingia au kutoka. Ndani yake anaishi perege asiyepatikana penginepo. Midomo yake ni minene, taya lake ni pana, na huvunja konokono kama mtu anavyotafuna karanga. Mabingwa wa mbali walikwisha kuandika kwamba huyo ni samaki wa kale mno, masalia ya ziwa kubwa lililokauka kabla ya binadamu. Waliandika hivyo bila kulala Ilundwe hata usiku mmoja.

Dakta Tusajigwe hakukubali. Alishinda majini mpaka kucha zikalainika. Akalinganisha mifupa, meno na chembe za urithi za perege wa ziwani na perege wa kawaida wa Mto Lusungo, ulio upande wa pili wa kilima. Akathibitisha kwamba ni ndugu wa karibu. Perege wa mtoni ndiye aliyegeuka: ziwani majani yalikuwa haba na konokono tele, basi waliozaliwa na taya nene walishiba na kuzaa, na wenye taya nyembamba wakafa njaa. Lakini aliposimama mbele ya wenzake, aliulizwa, "Amegeuka lini? Na alipitaje kilima, kwa miguu?"

Dakta Kassian alikuja na nyundo. Kandokando ya ziwa kuna mawe meusi, mazito kuliko yanavyoonekana. Akayapasua, akayapima, akathibitisha kwamba ni vipande vya kimondo, na kwamba ziwa lote ni shimo la kimondo hicho. Jiwe likiwa angani hupigwa na mionzi, na mionzi huacha alama ndani yake. Likishatua, alama zile hufifia polepole, na kwa kiasi kilichobaki mtu hujua limetua zamani kiasi gani. Akasema shimo lile si la kale hata kidogo: lilipochimbika, watu walikuwa wakilima mtama bondeni. Lakini naye akaulizwa, "Na samaki je, walianguka pamoja na jiwe?" Ukumbi ukacheka.

Dakta Mwanahamisi hakuja na wavu wala nyundo. Alikuja na mkeka. Walundwe, wenyeji wa ziwa lile, ni koo mbili, wa Mwasenga na wa Mwalinje. Hawaoani wala hawapeani moto wa jikoni, na hakuna aliyejua kwa nini. Akaketi nao misibani, ambako majina ya mababu hutajwa kwa mfululizo, akalinganisha nasaba, nyimbo na maneno ya upande huu na ule. Akathibitisha kwamba zamani walikuwa ukoo mmoja, kwamba walichimba mfereji kutoka Lusungo, ukizunguka kilima, kujaza lile shimo wapate maji ya mashamba, na kwamba siku ya ugomvi akina Mwalinje waliufukia mfereji kwa hila, mashamba ya wenzao yakakauka. Maji yalikuwa yamekuja na vifaranga vya perege, na mfereji ulipofukiwa, vikabaki. Lakini naye akaambiwa, "Hizi ni hadithi za vikongwe. Ushahidi uko wapi?"

Mnaona basi. Samaki peke yake hakusadikika, wala jiwe, wala nasaba. Vilipowekwa pamoja, kila kimoja kilishuhudia kingine, na ikadhihirika kwamba samaki anaweza kubadili taya lake katika vizazi vichache vya wanadamu. Wale mabingwa wa mbali walinyamaza. Hawakuomba radhi, walinyamaza tu.

Ikabaki kumpa perege jina la kisayansi, na wenyewe walitaniana kwenye chai.

"Dada Tusa," alisema Kassian, "bila jiwe langu, samaki wako ni kitoweo tu."

"Na bila mfereji wangu, kaka," alidakia Mwanahamisi, "jiwe lako ni la kunolea visu."

"Na bila samaki wangu," alisema Tusajigwe, "mfereji wako, mwenzangu, ni umbea wa kilioni."

Wakacheka, kwa kuwa walidhani jina litawatosha wote.

Mkurugenzi wao, Profesa Hilarion Kipobota, akawaita. Kanuni ya kazi ile mnaijua? Jina likishachapishwa halibadilishwi, hata dunia nzima ijute.

"Nataka jina la mtu mmoja," alisema Profesa. "Samaki si basi la abiria. Kesho asubuhi makala inakwenda kuchapwa. Msipokubaliana, ataitwa kwa jina la Mheshimiwa Waziri."

"Waziri gani?" aliuliza Tusajigwe.

"Aliyekata utepe wa jengo letu."

"Profesa, yule Mheshimiwa hajawahi kumwona samaki huyu ila kwenye sinia!"

"Na alimsifu sana," alijibu Profesa Kipobota, akafungua mafaili mengine.

Jina la Mheshimiwa huyo ndilo nisilolitaja. Lina barabara, lina shule, lina uwanja wa mpira. Halina haja ya kinywa changu. Mimi nilisoma zamani, enzi za ramani na fimbo. Tulikaririshwa jina la Mzungu aliyeitwa mvumbuzi wa ziwa letu, na aliyemvusha mtoni kwa mtumbwi alikuwa "mwenyeji" tu. Nilidhani tukijitawala mchezo huo utakwisha. Kumbe wamebadilishwa wachezaji tu.

Haya. Watatu wakarudi chumbani mwao, kicheko kimekwisha.

"Nani ampishe nani?" aliuliza Kassian.

Mwanahamisi akafikiri, akasema, "Samaki ni wa Walundwe, tutumie mila ya Walundwe. Kule mtoto hapewi jina mpaka iulizwe, ni nani aliyepoteza kitu kwa ajili yake? Mjomba akivunjika mguu akimkimbilia mkunga, mtoto huitwa kwa jina la mjomba. Hawaulizi nani alifanya kazi. Kazi kila mtu hufanya."

"Mila nzuri," alisema Kassian. "Basi anza wewe uliyeileta."

Mwanahamisi alitazama kikombe chake. "Mume wangu ni wa ukoo wa Mwalinje. Mnamjua, mlikula pilau ya harusi yetu. Nilipoandika kwamba babu zake waliufukia mfereji kwa hila, alinijia na karatasi zangu mkononi. Akasema, chagua, ufute haya au utoke. Sikufuta. Nimepewa talaka."

"Mbona hukutuambia?" alisema Tusajigwe.

"Mngenishauri nifute."

Kassian akasema, "Mimi niliitwa ng'ambo, kwenye darubini kubwa kuliko zote. Tangu nikiwa darasa la nne nilikuwa nikiiota. Walitaka niende na jiwe lote la Ilundwe, libaki kwao. Niliwaambia nitakuja na kipande cha kupimia, jiwe lenyewe libaki kumshuhudia samaki. Wakasema, bila jiwe usije. Sasa darubini ile anaitazamia mwingine. Mnaponiona natazama juu jioni, si kazi. Ni kilio."

Tusajigwe alikuwa wa mwisho. "Baba alinikataza kukanyaga kwake. Alisema binti anayefundisha kwamba samaki hugeuka anamsahihisha Muumba. Nikamwandikia, nikampigia, nikatuma wajomba. Alisema nikane kanisani, mbele ya watu, ndipo anipokee. Nisingeweza kukana kile nilichokishika kwa mikono yangu. Alipofariki nilikaa nje ya ua pamoja na wapita njia, na mchanga wa kaburini sikuutupa."

Hakuna aliyetania tena. Walikuja kupima nani amepoteza zaidi, na sasa kila mmoja aliona haya kuiweka hasara yake kwenye mizani na ya mwenziwe.

"Apewe Tusa," alisema Kassian. "Baba harudi."

"Kuna wanaofiwa na baba bila samaki," alijibu Tusajigwe. "Apewe Mwanahamisi. Nyumba yake ilivunjwa kwa maneno aliyoyaandika yeye mwenyewe, akijua."

"Mimi nitaolewa tena nikitaka," alisema Mwanahamisi. "Darubini ile haiiti mtu mara mbili. Apewe Kassian."

Wakazunguka hivyo hadi kukapambazuka, kila mmoja akimsukumia mwingine jina alilolitaka kwa moyo wote. Ndipo mlango ukafunguliwa bila hodi. Profesa Hilarion Kipobota alisimama pale, makala mkononi, kalamu imekwisha kufunguliwa.

"Jina?"

Mimi naishia hapo, nawaachia ninyi. Ila msinijibu "wote watatu", kwa maana jibu hilo ndilo Profesa analolisubiri, apate kuandika la Waziri. Wala msikae kimya mkidhani mmejitoa kesini: mkinyamaza, perege wa Ilundwe ataitwa milele kwa jina la mtu aliyemjua kwa limau na pilipili.

Yuko aliyemkosa baba, yuko aliyeikosa nyota, na yuko aliyeikosa nyumba. Kalamu imegusa karatasi. Wewe unayenisikiliza, ungelitaja jina la nani?