Abiria wa Kiti cha Nyuma

Aliyesimama barabarani huijua nyumba kwa rangi ya mlango wake tu. Hajui kama ndani kuna joto au baridi, wala hajui kama kuna mtu anacheka au kuna mtu amegeukia ukutani analia. Ndiyo maana tukaachiwa methali isemayo kuwa nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Methali hii haihusu nyumba peke yake. Inahusu watu pia, na katika kisa hiki inahusu gari.

Palikuwa na fundi vioo mmoja, mtu mwembamba na nadhifu, aliyependa kila kitu kinachong'aa. Mkewe wa kwanza alifariki akamwachia binti na wavulana wawili pacha. Binti huyo walimwita Kinanda, kwa kuwa tangu utotoni mdomo wake haukujua kupumzika. Aliimba hata akiwa anapiga mswaki. Pamoja nao aliishi bibi yao, mama mzazi wa fundi, mwenye goti lililogoma kukunjika.

Fundi alikuwa na gari dogo jeusi, la chini, linalong'aa kama kiatu cha bwana harusi. Liliwatosha barabara. Baba alishika usukani, Kinanda akakaa kiti cha mbele kilichokuwa cha mama yake, bibi na pacha wakakaa nyuma. Kisha fundi akaoa tena. Alimwoa mshona mapazia, mwanamke kijana mtaratibu, aliyezoea kutazama sana na kusema kidogo. Hapo ndipo viti vilipopungua.

Siku ya kwanza ya kutoka wote pamoja, fundi alimfungulia bibi harusi mlango wa mbele, kama inavyompasa mume. Kinanda akahamishwa nyuma, akabanwa kati ya goti la bibi na viwiko vya pacha. Tangu siku hiyo alizimika kama redio iliyoishiwa betri. Yule mke wa baba, Kinanda hakumwita mama, wala mama mdogo, wala jina lolote. Akiwa na shida alizungumza na ukuta.

"Chumvi imekwisha," aliuambia ukuta wa jikoni.

"Nimeshanunua, iko kabatini," mshona mapazia naye aliujibu ukuta uleule, kwa upole. Ukuta ukawa mpatanishi wao.

Ikatokea siku moja, wakiwa mezani, Kinanda akaweka kijiko chini.

"Baba, nataka kuhamia kwa shangazi."

"Kwa shangazi kuna nini?"

"Kuna nafasi."

Neno lile lilimwingia mshona mapazia kama sindano chini ya ukucha. Alielewa kwamba mtoto hakuwa akisema habari za kitanda. Alijiona kama mgeni aliyeingia na kukaa, kumbe amemkalia mwenye nyumba. Akaapa moyoni kwamba hatakuwa yeye wa kumtoa mtoto huyu kwao.

Jirani yao, mjalidi wa vitabu, alikuwa na gari kubwa la familia, yale yaitwayo minivani. Watoto wake walikuwa wameshaoa na kuolewa, na sasa gari lile lilimpwaya kama koti la kuazima. Mshona mapazia akamwambia mumewe wabadilishane.

"Lile sanduku la sabuni?" fundi alishtuka.

"Ndilo hilo."

"Mke wangu, gari ni kama shati. Watu hawakuangalii wewe, wanaangalia shati. Nikifika kwa mteja na dude lile atadhani nimekuja kuzoa taka!"

"Na mwanao akiondoka kwa kukosa pa kukaa, watu watadhani nini?"

Fundi alijikuna shingo, akaenda kwa jirani. Jirani naye alikuwa muungwana. "Likae kwenu wiki moja," alisema. "Likiwafaa tubadilishane. Lisipowafaa mnirudishie, na ujirani wetu ubaki palepale."

Gari likaja. Lilikuwa na rangi ya maziwa yaliyosahauliwa jikoni, pua fupi, na nyuma limekatwa wima kama mkate wa boflo. Mafundi wenzake walimshangilia walipomwona akiegesha. "Fundi, umenunua kabati la nguo lenye magurudumu?" mmoja aliuliza. "Mlango wake ukifunguliwa, mashati yatakuwa yamening'inia!" Fundi alicheka kwa meno ya mbele tu, moyo ukiwa umenuna.

Lakini aliyekaa ndani aliona mengine. Sakafu yake ilikuwa chini, na bibi alipanda bila kusema "aah" hata mara moja. Akakalishwa mbele, mguu ukanyooka mpaka mwisho. "Goti limefika kwao," alisema, akafumba macho. Uchochoro wa nyumba yao ulikuwa mwembamba, na mlango wa gari dogo ulikwisha kuuparua ukuta mara nyingi. Mlango wa gari hili uliteleza kando kama pazia, ukuta usijue kama kuna mtu ameshuka. Viti vya nyuma vilikunjika, na marobota ya vitambaa vya mshona mapazia yakalala bila kupata mkunjo. Haya, tusidanganyane: lilipenda mafuta kuliko lile jeusi, na kwenye mlima lilihema kama mtu anayepanda ngazi na ndoo kichwani. Ila lilipanda, na liliwapandisha wote kwa pamoja. Hakuna aliyebaki kusubiri safari ya pili.

Kinanda alichagua kiti cha mwisho kabisa, peke yake. Kila asubuhi alikiambia kioo cha dirisha kwamba ashushwe kwenye kona, kabla ya shule. Mshona mapazia aliyekaa safu ya kati na pacha alisikia, akamgusa mumewe begani, gari likasimama konani. Hata hivyo siri ya gari kubwa haifichiki. Wiki ilipokaribia kwisha, wenzake walimwona akishuka, wakamwimbia wimbo wa muuza mikate barabara nzima.

Alirudi nyumbani uso umevimba. "Kesho nahama," alisema, na safari hii hakuuambia ukuta.

Fundi hakuwa na nguvu ya kubishana na machozi. "Basi," alisema asubuhi ya pili, akitazama pembeni, "angalau gari hili litafanya kazi moja ya maana kabla halijarudi kwa mwenyewe."

Wakakunja nusu ya kiti cha nyuma, wakaingiza godoro, sanduku la nguo na begi la shule. Mshona mapazia alilifunga godoro lile kwa kamba, kwa mikono yake mwenyewe. Alilitaka gari ili mtoto apate nafasi, na sasa nafasi ile imejaa mizigo ya mtoto anayeondoka. Kinanda akakaa kwenye kiti kilichosalia, ubavuni mwa godoro lake, kama mlinzi wa ghala.

Walikuwa njiani mvua ilipowakuta. Haikuja kwa matone, ilikuja kama shuka lililoangushwa. Vifuta vioo vilihangaika kulia na kushoto hadi fundi akakata tamaa, akaegesha gari kando ya barabara.

Basi dunia ya nje ikafutika. Mvua ikawa inatembeza vidole vyake juu ya paa, mara polepole, mara kwa pupa. Vioo vikafunga ukungu, na taa za magari yaliyopita zikawa samaki wa dhahabu wanaoogelea ndani ya maziwa. Pacha wakasinzia, mmoja huku na mwingine kule, mapajani mwa mshona mapazia. Bibi alikoroma kidogo, kwa adabu. Hewa ya ndani ilinukia vitambaa vipya na nywele za watoto. Mshona mapazia akaona kama wamo ndani ya chumba kilichojing'oa kwenye nyumba yake kikashika safari, chumba kisicho na saa ukutani, kisicho na mtu wa kukifikisha popote. Akatamani mvua isahau kuacha. Lakini alijua itaacha, na ikiacha wataendelea mpaka kwa shangazi.

Pu, pu, pu! Mlango uligongwa.

Mshona mapazia, aliyekaa karibu, aliuvuta. Nje alisimama muuza mifagio, kalowa chapachapa, na fungu la mifagio kichwani kama nywele za ajabu. Mshona mapazia alidhani mtu anaomba kujikinga, akamsogezea njia. Kumbe mwenzake alikuwa na mawazo mengine, kwani magari ya aina ile hubeba abiria mitaani.

"Twende, twende, songeni huko!" alisema muuza mifagio, akapenya hadi nyuma, akajibana baina ya Kinanda na godoro. Kisha akamnyooshea mshona mapazia sarafu zilizolowa. "Konda, nauli yako hii. Nishushe njia panda. Lo, konda mwanamke! Safi sana, dada. Hao watoto unawabeba ukiwa kazini?"

Fundi vioo akaganda kwenye usukani. Kitu alichokiogopa wiki nzima, sasa kimempandia garini. Mshona mapazia hakuweza kuinuka. Watoto wamelala mapajani, sarafu ziko kiganjani.

Muuza mifagio hakusubiri jibu. Alimgeukia Kinanda, akaliona godoro na sanduku. "Na wewe, binti, mbona abiria una mizigo mingi hivi? Unashukia wapi?"

Kinanda akalikumbatia begi lake la shule. Mvua ikapiga paa. Mshona mapazia alimtazama kwenye kioo cha juu, akaona midomo ya mtoto ikitetemeka, akadhani atalia.

"Mimi si abiria," alisema Kinanda.

"Eh?"

"Mimi si abiria. Mimi ni wa humu." Sauti ilianza chini, ikapanda. "Na hili si gari la abiria, ni gari la kwetu. Yule pale ni baba. Yule mbele ni bibi, goti lake haliwezi kukunjika. Wale ni wadogo zangu. Na yule si konda! Yule ni mama mdogo wetu. Mrudishie... yaani, mama mdogo, mrudishie hela zake."

Mshona mapazia alisikia jina lile likivuka safu ya viti na kumfikia. Hakugeuka, maana aliogopa kulitisha. Alinyoosha mkono nyuma na zile sarafu, na mkono mdogo ukazipokea, ukachelewa kidogo kuondoka.

Muuza mifagio alijishika kichwa. "Yesu na Maria! Nimeingia nyumbani kwa watu bila hodi!"

Bibi, ambaye kumbe alikuwa macho, alianza kucheka kwanza. Goti halikuweza kukunjika, lakini mbavu zilikunjika. Fundi akafuatia, safari hii kwa meno yote mpaka ya mwisho. Pacha waliamka wakacheka bila kujua sababu. Na Kinanda, ambaye kwa miezi mingi alikuwa amezimika, akaanza kuongea. Alimweleza muuza mifagio namna viti vinavyokunjika, mlango unavyoteleza, na mlima ulivyolitoa jasho gari. "Lina sura mbaya," alisema, "ila humu ndani unaweza hata kunyoosha miguu. Jaribu."

Muuza mifagio akanyoosha. "Kweli! Nyumbani kwangu sinyooshi hivi."

Mvua ilipopungua walimfikisha njia panda. Alikataa kushuka hivihivi, akaacha ufagio mmoja. Fundi alitaka kuurudisha, bibi akauwahi. "Zawadi ya mgeni hairudishwi," alisema, akaupakata.

Shangazi aliwasubiri kibarazani na mwavuli. Alikuwa msusi, mtu wa kupendeza tangu kisigino hadi utosi. Alipoliona gari alishika kiuno.

"Kaka, jamani! Ndiyo kitu gani hiki? Kweli umemleta mtoto wangu ndani ya pipa?" Akaufuata mlango, akashika kitasa, akavuta kuelekea kwake kama watu wavutavyo milango yao. Mlango haukutikisika. Akavuta tena. "Na halifunguki!"

Ndani, Kinanda alikuwa ameshatoka kiti cha nyuma, amekaa chini miguuni pa mshona mapazia, pacha mmoja amemlalia begani. Alinyoosha mkono, akausukuma mlango kando. Ukateleza taratibu, na joto la ndani likamgusa shangazi usoni.

"Ingia, shangazi, unalowa."

Shangazi alichungulia. Akamwona bibi kanyoosha mguu, kapakata ufagio. Akamwona kaka yake akifuta machozi ya kicheko. Akamwona mke mpya, mkono wake umetulia juu ya nywele za Kinanda. Akafunga mwavuli, akapanda, akakaa. Hakuna aliyesogea, na nafasi ilibaki.

"Nimekuandalia chumba," alisema, sauti imepoa. "Haya, mizigo ishuke."

Kinanda aliligeukia godoro lake, kisha akamtazama mama yake mdogo.

"Haishuki, shangazi. Imekuja kutembea tu."

Shangazi alimtazama kaka yake, akisubiri aseme neno. Fundi vioo aliutazama mkono wa mkewe juu ya nywele za binti yake.

"Umemsikia mwenyewe," alisema. "Tukirudi nitampelekea jirani funguo za lile jeusi. Linang'aa, atalipenda."

Waliomcheka fundi barabarani waliliona gari. Waliopanda walikuta kwao. Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.