Boti Isiyo na Kiu

Kashaija wa Bukoba alikuwa mfupi wa kimo na mrefu wa mdomo. Mama Kokushubila, mwenye hoteli, alipotafuta boti ya kutembezea wageni ziwani, Kashaija alimpelekea kuukuu yake ya injini moja. Asingeiuza siku hiyo, mwenye gati, aliyemdai ada ya kuiegesha, angeipasua kuni. Tajiri Ishengoma naye akaleta mpya ya injini mbili.

"Urembo sitaki," Mama alisema. "Nendeni kisiwani Goziba mrudi. Itakayotumia mafuta kidogo ndiyo nitakayonunua."

"Mdogo wangu," Ishengoma alicheka, "hiyo sufuria yako itafika?"

"Itafika, mzee. Ya kwako ndiyo inakunywa kama shemeji harusini."

Walijaza matangi, wakaondoka. Hata gati halijapotea machoni, injini ya Kashaija ilinyamaza. Akasimama, akapunga shati. Ziwani pale hakuna anayempita mwenzake anayepunga shati; unamtupia kamba. Ishengoma aliitupa huku akicheka, akamvuta hadi Goziba, kisha akamrudisha akipiga honi ufukwe mzima ili watu waone.

Mama alipima matangi. Ishengoma alitumia lita sitini na mbili, Kashaija moja.

"Makubaliano ni makubaliano," Mama alisema. "Nanunua ya Kashaija."

"Ile imekufa," Ishengoma alilalamika. "Nimeivuta mimi."

Kashaija aliivuta kamba ya injini mara moja tu, ikanguruma.

"Nani alikwambia imekufa, mzee? Mimi nilikupungia, wewe ukatupa kamba. Sasa msaada wa mkubwa ningeukataaje?"