Neno Alilolitamka Bi Lubaba Mlangoni

Inasimuliwa, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye ukweli wa yote, kwamba zamani katika mji mmoja mdogo wa bonde la Hadhramauti aliishi mwanamke mwema aliyeitwa Bi Lubaba. Mumewe, Awadhi, alikuwa mtia rangi nguo, na kazi hiyo waliifanya wote wawili nyumbani, katika ua uliojaa masufuria ya rangi ya nili. Mola aliwaruzuku watoto watatu: Mus'abu, kijana wao mkubwa, Nusaiba, binti wa miaka saba, na kichanga aliyekuwa bado ananyonya. Kila Alhamisi baada ya Alasiri wanawake wa mtaa walikusanyika kwake awasomeshe habari za subira na malezi. Wakitoka husemezana njiani, "Bi Lubaba hapandishi sauti, jamani. Yule kajaaliwa."

Kujaaliwa alijaaliwa, lakini asubuhi ni asubuhi. Nyinyi mnaocheka huko nyuma, asubuhi za nyumba zenu nazijua. Huyu hataki uji, yule hakioni kilemba chake, mdogo analia, jiko linafuka, na baba yuko uani anauliza kamba imewekwa wapi. Basi na nyumba ya waja wema ilikuwa hivyo hivyo, tena siku hiyo ilikuwa zaidi, kwa sababu nguo za harusi ya binti wa jirani zilikuwa zikingojwa.

Nusaiba alitoka kwenda chuoni kusoma Qurani na kaka yake, akarudi. Amesahau ubao wake wa kuandikia. Akapewa. Akatoka, akarudi tena, kaka yake hakumngoja. Mama akamwambia, "Kimbia utamkuta," na akasema kwa upole, hilo lazima tumshuhudie. Haukupita muda, Awadhi ametoka kwenda kisimani kuteka maji, mlango ukafunguliwa kwa kishindo, Nusaiba akaingia mbio akilia, kiatu mkononi, ukanda umekatika. Hakuangalia mbele. Akaligonga sufuria la maji ya moto ya rangi, likapinduka, maji yakatapakaa yakapita karibu kabisa na mkeka aliolala kichanga, na rangi ikazimwagikia nguo za harusi zilizokuwa zimekunjwa kando.

Roho ya Bi Lubaba iliruka. Alimnyakua kichanga, akamgeuzageuza, akaona hana hata alama. Hapo ile hofu ikageuka hasira, nayo hasira haikupata pa kupita ila mdomoni.

"Toka!" akapiga kelele. "Mungu akuondoe machoni pangu! Na usiutie mguu wako mlango huu mpaka nije mwenyewe kukuchukua!"

Nusaiba aliacha kulia papo hapo. Akauokota ubao wake, akakishika kiatu chake kibovu, akatoka akaurudisha mlango taratibu.

Hasira zilimwisha Bi Lubaba kabla hajamaliza kupangusa sakafu. Akasema moyoni, akirudi nitambembeleza, nitamkaangia maandazi. Akainama kuzifua zile nguo zilizoharibika, na siku ikasonga.

Adhuhuri Mus'abu akarudi peke yake.

"Dada yako yuko wapi?"

"Si yuko hapa, mama? Maalim aliniuliza, nikamwambia amebaki kwako."

Awadhi alisikia, akaja kutoka uani na mikono imejaa nili mpaka viwikoni. Jirani yao Bi Hamama naye alikuwa amesimama mlangoni, amekuja kuulizia zile nguo.

"Alitokaje hapa asubuhi?" akauliza Awadhi. "Alikuwa na huzuni? Kuna mtu alimgombeza?"

Ndugu zangu, jibu lilikuwa pale kwenye ncha ya ulimi. Bi Lubaba akamtazama mumewe, akamtazama Bi Hamama, ambaye kila Alhamisi alikaa safu ya mbele kumsikiliza. Akaona haya.

"Alitoka salama," akasema. "Nilimwombea dua."

Dua kweli alimwombea, na dua hiyo ndiyo iliyomtia kiwewe. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwafundisha wenzake kwamba mja asimwapize mwanawe, asije akaiangukia saa ambayo maombi hupokewa. Sasa alijiuliza, je, kama saa ile ndiyo ilikuwa hiyo? Nimesema aondolewe machoni pangu. Na sasa simwoni.

Wanaume walitoka wakatafuta visimani, mashambani, na kandokando ya bonde kavu linalopita chini ya mji. Waliita, "Nusaiba! Ee Nusaiba!" mpaka sauti zikawakauka. Wanawake wakajaa nyumbani. "Subira, Bi Lubaba," wakamwambia. "Wewe ndiye unayetufunza." Kila neno la sifa lilimchoma. Alikuwa ameketi juu ya msala, tasbihi mkononi, lakini kila alipofungua kinywa kumwomba Mola wake, ulimi ulimrudisha kwenye maneno ya asubuhi. Mara kadhaa aliinuka kwenda kutafuta, akajiona anafika kisimani, anachungulia, akaketi tena. Pembeni ya chumba palikuwa na kikapu cha majani ya mkunazi ambayo yeye na Nusaiba walikuwa wakiyachuma kila Ijumaa kule bondeni, ya kuoshea nywele. Na majani hayo hayo, mnajua, ndiyo yanayotumika kuoshea maiti. Bi Lubaba alikisukuma kile kikapu nyuma ya mlango, hakutaka kukiona.

Karibu na Alasiri zikasikika kelele nje. Wanaume wamerudi, nao wamemleta mtu mikono imefungwa nyuma. Alikuwa mchuuzi wa chumvi aliyeitwa Sahli, mpita njia mwenye punda wake, asiyekuwa na ndugu mjini pale. Watoto wa wachungaji walikuwa wamemwona asubuhi akizungumza na msichana mdogo.

"Umempeleka wapi mwanangu?" akauliza Awadhi.

"Wallahi sikumpeleka popote," akasema Sahli. "Nilimkuta ameketi chini ya mkunazi, ukingoni mwa bonde. Nilimpa tende, akakataa. Nikamwambia, panda punda nikurudishe kwenu. Akaniambia, 'Siwezi. Mama kasema nisiutie mguu wangu mlango wetu mpaka aje mwenyewe kunichukua.' Nikaona basi, mtoto kawekwa hapo na mamake, nikaenda zangu."

"Muongo mkubwa wewe!" Awadhi akafoka. "Mama yake kamtoa kwa dua! Na huko mkunazini tumepita, tumeita, hatukuona mtu!"

"Tumpeleke kwa kadhi!" akasema mmoja. Mwingine akasema hakuna haja ya kadhi, akainua fimbo.

Bi Lubaba alikuwa nyuma ya pazia, na alisikia kila neno. Maneno yale yalikuwa yake. Hakuna mtu duniani aliyeyasikia isipokuwa mtoto, na mtoto hakumwambia mtu isipokuwa huyu mgeni. Kwa hiyo mgeni alikuwa anasema kweli tupu, na ukweli wake ulionekana uongo kwa sababu ya uongo wa Bi Lubaba. Akajua pia kwamba akinyamaza, Alhamisi wanawake watakuja kama kawaida, na heshima yake itabaki pale pale ilipokuwa.

Hapo ikasikika ngurumo, mbali, upande wa milimani. Watu wote wakageuza nyuso. Pale mjini jua lilikuwa linawaka, lakini watu wa bonde lile hawahitaji kuelezwa. Mvua ikinyesha milimani, mafuriko hushuka ghafla katika bonde kavu, na tone moja lisianguke mjini.

"Jamani, nipigeni baadaye," akasema Sahli. "Mtafuteni mtoto kwanza."

Bi Lubaba akavuta pazia, akatoka nje mbele ya wanaume na wanawake, kichanga mikononi.

"Mfungueni," akasema. "Anasema kweli."

Awadhi akamgeukia. "Mama Mus'abu, umechanganyikiwa. Rudi ndani."

"Sikuchanganyikiwa. Nilikudanganya. Mtoto alimwaga rangi, nikamfukuza. Ile dua niliyosema nilimwombea, nilisema Mungu amwondoe machoni pangu. Na nilimwambia asiutie mguu mlango huu mpaka nije mwenyewe. Mimi. Si wewe, wala si kaka yake."

Bi Hamama alikuwa amejiziba mdomo kwa ncha ya ushungi wake. Awadhi alimtazama mkewe kama mtu asiyemfahamu, kisha fimbo ikasikika ikianguka chini kutoka mkononi mwa yule aliyeiinua. Bi Lubaba hakungoja kuambiwa lolote. Alimtia kichanga mikononi mwa Bi Hamama, akakimbia miguu mitupu kuelekea bondeni, na wanaume nyuma yake.

Walipofika ukingoni walisikia mngurumo unaotoka juu ya bonde, mzito kama jiwe la kusagia linapoburutwa. Chini bado palikuwa pakavu. Chini ya mkunazi hapakuwa na mtu.

"Nusaiba!" akaita, na sauti ikamkatika. "Nusaiba mwanangu! Ni mama! Nimekuja! Nimekuja mwenyewe!"

Hakuna aliyejibu. Akaita tena, "Nimekuja mwenyewe, mama yangu, nisamehe!"

Ndipo chini ya ukingo, mahali ambapo maji ya miaka iliyopita yalikuwa yamekula udongo na kuacha pango dogo chini ya mizizi ya mkunazi, ukatokeza ubao wa kuandikia. Kisha mkono. Kisha kichwa chenye vumbi.

Bi Lubaba hakushuka, alijirusha. Alimkamata mtoto kiunoni akampandisha juu, Awadhi akampokea, na Mus'abu akaushika mkono wa mama yake, wanaume wengine nao wakamshika, wakamvuta huku udongo unammomonyokea miguuni. Alikuwa bado amelala kifudifudi juu ya ukingo pale maji yalipofika, mekundu kwa udongo, yamebeba magogo na mizoga ya mbuzi. Pango lilijaa mara moja. Mizizi ya mkunazi ikazama, na watu wakarudi nyuma wakisoma kila aya waliyoikumbuka.

Bi Lubaba alimkumbatia mwanawe mpaka mtoto akalalamika kwamba anaumia.

"Baba yako alikuita," akamwambia akilia. "Kaka yako alikuita. Kwa nini hukuitika?"

"Niliwasikia," akasema Nusaiba. "Nikajificha ili wasinichukue. Wewe ulisema mpaka uje mwenyewe." Kisha akasema polepole, "Nilikungoja sana. Nikadhani hutakuja."

Wanasema Bi Lubaba aliyakumbuka maneno hayo mawili ya mwisho mpaka anaingia kaburini, Mola amrehemu.

Walipokwisha kutulia, Awadhi na mkewe walimwendea Sahli, alama za kamba bado ziko mikononi mwake, wakamwomba radhi. Awadhi alitaka kumbusu mkono, yule mtu akauvuta.

"Yameisha, bwana," akasema. "Mimi mmenifunga kitambo kidogo kwa kamba. Huyu mtoto amefungwa tangu asubuhi kwa neno, na asingefunguliwa na mwingine yeyote. Mshukuruni Mungu kwamba aliyemfunga alikuja." Akalala kwao usiku ule, wakamkirimu, na alfajiri akaenda zake na punda wake.

Alhamisi wanawake walikuja darasani, wengine kwa mapenzi na wengine, tusifichane, kwa umbea. Bi Lubaba hakufungua kitabu. Aliwasimulia habari yake yote tangu ukanda wa kiatu, hakuacha hata neno, kisha akasema, "Kama bado mnataka kujifunza kwangu, basi tuanze upya." Hakuondoka hata mmoja.

Lakini jambo ambalo wa nyumbani kwake walilikumbuka zaidi lilitokea mapema kuliko hapo, asubuhi iliyofuata baada ya mafuriko. Nyumba ilikuwa vile vile, kichanga analia, jiko linafuka, na nguo za harusi zinangoja kurudiwa. Nusaiba alitoka na kaka yake kwenda chuoni. Baada ya muda Bi Lubaba akaona kivuli chini ya mlango, hakisogei. Akafungua. Mtoto alikuwa amesimama nje, vidole vya miguu vimekaribia kizingiti bila kukigusa.

"Nimesahau ubao wangu, mama," akasema. "Siingii. Nakungoja wewe."

Bi Lubaba aliyaacha masufuria yake yote. Akapiga magoti pale mlangoni, akambeba mwanawe, akamwingiza ndani mikononi mwake. Na inasimuliwa kwamba alifanya hivyo kila asubuhi kwa siku nyingi sana, alimtoa na kumwingiza, alimtoa na kumwingiza, mpaka siku moja mtoto akasahau, akaingia mbio bila kuuliza, akagonga kitu, na Bi Lubaba akasujudu kumshukuru Mola wake.

Basi, ndugu zangu wazazi, kesho asubuhi haiko mbali, na uji utamwagika. Sisi tutasema neno kisha tutalisahau kabla ya Adhuhuri, na mtoto atakwenda nalo akae nalo chini ya mti. Tukikosea, tusimtume mtu. Tuende wenyewe, tuseme kweli, tumwite kwa sauti yetu. Na Wewe Mola wetu, yote mabaya tuliyowaombea watoto wetu tukiwa na hasira, usiyapokee hata moja. Amina.