Nyani Alivyochagua Bastola

Hadithi yaja!
*Ije tuione uso.*
Ina miguu minne na ulimi mmoja!
*Huo ulimi tunaushuku. Haya, sema.*

Palikuwa na Pimbi, mnyama mdogo wa kukaa maweni, mama wa watoto sita. Pango lake lilikuwa kavu na zuri. Akaja Nyani mwenye mabega mapana, akamtoa. Kwa haki gani? Kwa haki ya mabega! Akalijaza pango magunia ya mtama aliyowapora wanyama wote, chini mpaka juu, akabakiza pa kulalia tu. Pimbi na wanawe wakalala nje. Mvua, cho cho cho! Kitinda mimba anakohoa, koho koho koho!

Nyani naye hakutulia. Jani likianguka: "Nani?" Mjusi akipita: "Nani?"

Pimbi akaliona hilo. Akaokota bastola mbili walizosahau wawindaji, moja kubwa, moja ndogo, akatandika mkeka njiani, akazipanga juu yake kama mchuuzi. Nyani akapita, akasimama.

"Wewe si yule niliyekutoa pangoni?"

"Ndiye mimi, bwana mkubwa."

"Nakushuku."

"Nishuku tu, hujakosea. Lakini kagua bidhaa."

Nyani akashika ile kubwa.

"Hiyo ni ya nyumbani," Pimbi akasema. "Nzito, hairuki mkononi, ina risasi sita. Unalala nayo kichwani pa kitanda."

"Na mke wangu akiichukua?"

"Kwani unamshuku?"

"Namshuku! Nimeshamrudisha kwao."

Akashika ile ndogo.

"Hiyo ni ya kutembea nayo. Inakaa kiunoni, ukishusha shati haionekani. Ila ina risasi tano, na shabaha ya mbali haipati."

"Na ndugu yangu akinikumbatia, akaipapasa?"

"Kwani unamshuku?"

"Namshuku! Ananikumbatia kwa lipi?"

"Basi chagua moja, bwana mkubwa."

"Nachagua zote."

Akazichukua zote. Hakulipa. Lini Nyani alilipa?

Kabla hajafika mbali, Pimbi akamwita. "Na yale magunia? Adui akijibanza nyuma ya gunia, utampigaje? Yatoe nje, uone kila ukuta."

Nyani akakuna kidevu. "Wewe nakushuku." Akakuna tena. "Lakini magunia nayashuku zaidi."

Akatoa magunia, puu! Akatoa mengine, puu! Puu! Mpaka pango likabaki mawe matupu. Akaketi katikati, bastola mkono huu, bastola mkono huu, macho mlangoni.

Pimbi akajibanza nyuma ya jiwe, nje. Akaita, "Hodi!"

Na kule ndani, nyuma ya mgongo wa Nyani, sauti ikaita, "Hodiii!"

Manyoya yakamsimama. Tangu lini hodi ikapigwa ndani? Mgeni mwema hupiga hodi nje, mara tatu, asipoitikiwa huenda zake. Huyu keshaingia ndipo anapiga!

"Nani?" Nyani akafoka.

"Naniii?"

"Toka kwangu!"

"Toka kwanguuu!"

Nyani akageuka, akafyatua. Paa! Kuta zikajibu, paa-paa-paa! Akafyatua kubwa, akafyatua ndogo, risasi zikagonga mawe, ting! ting! zikarudi. Moja ikamchukua ncha ya mkia.

"Mama yangu! Wako kumi! Nao wana kubwa na ndogo!"

Akazitupa bastola, akatoka mbio, pu pu pu pu! Mlangoni akamwona Pimbi.

"Nilikushuku mimi!" akalia akikimbia. "Kumbe na wao umewauzia!"

Hakurudi tena. Wanyama wakaja, kila mmoja akabeba gunia lake. Bastola Pimbi akazitupa mtoni, chubwi! chubwi! Kisha akaingiza wanawe ndani, mmoja mmoja, akaanza na yule wa kikohozi.

Mzigo wa hadithi nimeutua hapa.
*Tumeupokea, tutaupekua nyumbani.*

Mafunzo yake, na mtu asinibishie: kila mwenye nyumba achukue bastola mbili, ya kitandani na ya kiunoni. Amfukuze mke, amkwepe ndugu, atoe vitu vyote nje. Nyumba itakuwa salama kabisa. Mwulizeni Pimbi, ndiye anayeishi humo.