Neno la Mzee Lali Makaburini

Inasimuliwa kwamba siku ya Jumanne, tarehe kumi na mbili Mfunguo Tano, saa nne ya asubuhi, katika mji wa Siu wa zama zilizopita, Fundi Shekuwe mshona makubadhi aliiweka chini shazia yake, ile sindano nene ya ngozi, akasema, "Mwanakheri, nipe maji." Maji yalipofika, hakuwa tena miongoni mwa wanaokunywa. Sisi ni wa Mwenyezi Mungu, na kwake tutarejea.

Alimwacha mkewe, Bi Mwanakheri, na ndugu mmoja wa kiume, Kombo. Mtoto hawakuruzukiwa. Aliacha pia nyumba ya mawe ya vyumba viwili, na juu ya nyumba hiyo aliacha deni.

Deni lenyewe lilianza mwaka ambao masika yalizidi, na ngozi zote alizonunua Fundi zikaoza. Alikwenda kwa Mzee Lali, mwuza ngozi, kutafuta nyingine, wakaafikiana kwa desturi ya siku zile iliyoitwa bei ya khiyari. Mwenye shida huiuza nyumba yake kwa mwenye fedha, kwa sharti kwamba akizirudisha kabla ya siku iliyotajwa, nyumba humrudia. Siku ikipita, nyumba imekwenda. Na muda wote huo yeye hukaa humo humo na kulipa kodi. Wachamungu waliichukia kodi ile, wakisema ni riba iliyovaa kanzu.

Mzee Lali hakuitoza. Na hilo ndilo lililomtia Bi Mwanakheri shaka tangu mwanzo. Mkopeshaji asiyetaka kodi anataka nini?

Fundi alipozikwa, Kombo alisimama kando ya kaburi kama ilivyo ada, akasema, "Aliye na haki yake kwa marehemu na ajitokeze, sisi ndio wabebaji." Mzee Lali akainua mkono, akasema, "Mimi na marehemu tunawiana." Alitaka kuendelea, lakini Kombo alimkata kauli, "Tumesikia, mzee wangu," na watu wakatawanyika. Kombo alipofika nyumbani alimwambia mjane, "Lali hakungoja hata udongo ukauke. Amesema anamwia kaka."

Ndugu yangu msikilizaji, kumwia mtu ni kumdai, na kuwiana ni kudaiana. Neno lilitoka makaburini likiwa na pande mbili, likafika nyumbani limebaki na moja.

Bi Mwanakheri akaingia edani. Siku ya mwisho ya khiyari ilikuwa ndani ya Mfunguo Nane, naye eda ingemshika mpaka mwezi unaofuata. Basi alilala na kuamka na hesabu hiyo. Kila Ijumaa Mzee Lali alileta kapu la unga na samli, akaliweka mlangoni, akabisha na kwenda zake bila kuuliza kitu. Jirani yake, Bi Ghalia, mwanamke mwenye ulimi mwepesi, aliliinua kapu akalinusa.

"Shoga, samli nzuri hii. Ya ng'ombe au ya nyumba?"

"Usinichekeshe, Ghalia. Niko edani."

"Sikuchekeshi. Wewe mke wa mshona viatu, hujui? Ngozi huloweshwa kwanza, ndipo ikakatwa."

Bi Mwanakheri akalirudisha kapu. Ijumaa iliyofuata likaja jingine, naye akalirudisha pia.

Lakini shaka haikuishia kwa Mzee Lali. Shaka ikishapewa mkeka, hulala chumba kizima. Bi Mwanakheri alikuwa mshona kofia za viua, na kofia zake zilisifiwa mpaka Faza. Fundi alizichukua akaziuze pamoja na makubadhi, na kila mara alirudi na nyuzi na kitoweo, ila fedha yenyewe mkewe hakuitia mkononi. Alipomuuliza, Fundi alijibu, "Zipo."

"Zipo wapi, bwana?"

"Zipo, mke wangu. Uzee unakuja."

Mkewe akaona haya kuuliza tena. Lakini moyoni alisema: Faza kuna mwanamke. Sasa, akikaa peke yake na nguo nyeupe, aliwaza kwamba kofia zake za miaka yote ile zimemlisha mke mwenziwe asiyemjua, na nyumba yake inakwenda kwa mwuza ngozi. Alimwombea mumewe rehema kwa ulimi, na kwa moyo akamdai.

Siku ya khiyari ikafika, ikapita. Mzee Lali hakuja. Hakuja kesho yake wala kesho kutwa. Bi Mwanakheri akaona afadhali angekuja akapiga kelele, maana ukimya ule ulikuwa kama wa paka aliyekaa mlangoni pa ghala.

Eda ilipokwisha, Kombo alikuja akaketi ukumbini, akateta kwa sauti ya chini.

"Shemeji, nimekutazamia njia. Mashahidi wa ile bei walikuwa wawili. Mmoja amekufa, wa pili amehamia Makka na hana habari ya kurudi. Lali hana mtu. Kadhi atakuuliza wewe. Sema hujui, uape, tumemaliza."

"Niape sijui?"

"Kwani ulikuwepo?"

"Nilikuwa nyuma ya pazia, Kombo. Nilisikia mpaka kikohozi chake."

"Pazia halina macho. Hukuona."

"Na masikio je?"

Kombo akacheka. "Shemeji, masikio yako ndiyo yatakayokulaza nje."

Akamwacha na maneno hayo. Bi Mwanakheri alijua vizuri kwa nini Kombo ana bidii. Kwa kuwa hakuna mtoto, robo ya nyumba ilikuwa yake yeye mjane, na robo tatu zilizobaki zilikuwa za Kombo. Deni likikataliwa, wote wawili wanapata. Deni likikubaliwa, hana pa kuweka kichwa, na vidole vyake vimeanza kukosa tundu la sindano. Hiyo ndiyo iliyokuwa njia panda yake, na hakuwa na mtu wa kumwamini hata wa kumuuliza njia.

Lakini jambo moja lilimkaa kooni. Tumefundishwa kwamba roho ya muumini hufungika kwa deni lake mpaka lilipwe. Ikiwa Fundi alimdhulumu, hilo ni lake na Mola wake. Je, naye amfungie nje ya rehema kwa kiapo?

Kombo alikuwa ameomba kwa kadhi nyumba igawanywe, na Mzee Lali akaitwa aseme dai lake; siku ya baraza ikafika. Kombo akanena, na akanena vizuri, kwamba hawalijui deni lolote, na kwamba sheria ni moja: mwenye kudai alete ushahidi. Kadhi akamgeukia Mzee Lali, naye akasema kwa utulivu, "Mashahidi wangu sina." Kadhi akamgeukia mjane aliyekaa nyuma ya pazia.

"Bi Mwanakheri, unaapa kwamba hulijui deni hili?"

Watu walisikia pazia likitikisika. Kisha sauti ikatoka, kavu.

"Siapi. Deni ni kweli. Siku ya khiyari imepita, na nyumba ni ya Mzee Lali. Ila namwomba aniambie jambo moja mbele yenu: alitaka nini kwetu, hata asitoze kodi?"

Kombo akashika kichwa. Mzee Lali akainama kidogo, kisha akasema:

"Sikutoza kodi kwa kumwogopa Mungu, mama, si kwa kukupenda wewe wala mumeo. Na siku ya khiyari haijapita. Kwangu muda ulisimama siku alipokufa, maana maiti na mjane wa edani hawakimbizwi. Nilisema makaburini kwamba tunawiana, wala sikuachwa nieleze. Mumeo namwia thamani ya ngozi. Nanyi mnaniwia mimi amana. Kila alipouza kofia zako, aliniletea fedha, akasema, hizi ni za Mwanakheri, za siku mkono utakapokataa sindano. Zipo kwangu zote."

Kombo akaruka. "Basi ni mirathi hiyo! Za kaka!"

"Una ushahidi?" akauliza kadhi.

"Ushahidi gani?"

"Mwenye kushika mali amekiri kwamba ni ya mwanamke huyu. Wewe unadai kinyume. Si wewe uliyetufundisha sasa hivi kwamba mwenye kudai huleta ushahidi?"

Watu wakacheka. Mzee Lali hakucheka.

"Ndiyo sababu nilinyamaza, mama. Ningezitaja matangani, zingeliwa kabla ya hitima. Lakini niliona makapu yanarudi, nikajua unanifikiria nini. Niwie radhi."

 Bi Mwanakheri akauliza neno jingine.

"Ngozi zilipooza, fedha zangu zilikuwa tayari kwako?"

"Zilikuwepo, tena zinazidi deni. Nilimwambia, Shekuwe, chukua humu, ya nini kuitia nyumba shingoni? Akaniambia, 'Lali, nyumba ni yangu, naweza kuiuza. Hizo si zangu.'"

Mjane akasogea karibu na pazia.

"Mzee Lali," alisema, "toa humo deni lako lote."

Kadhi akamwonya. "Bi Mwanakheri, zitabaki chache. Na ukiikomboa nyumba, robo tu ndiyo yako. Robo tatu unamkombolea shemeji yako. Sheria haikulazimishi."

"Najua. Si Kombo ninayemkomboa."

Hapo Kombo akainamisha uso, na ilionekana kwamba anatafuta neno asilolizoea. Mwishowe akasema, "Kadhi, andika kwamba fungu langu sitalidai maadamu shemeji yu hai. Akae." Akatoka bila kuaga.

Mzee Lali akazitoa fedha zake, na zilizobaki akazisogeza chini ya pazia. Akarudia, "Niwie radhi, mama."

"Nimekuwia radhi. Nawe niwie. Kwako nimepata wa kumwomba. Yule niliyemdhania zaidi yuko chini ya mchanga."

Ndugu zangu, deni la fedha lina siku yake, lina kadhi wake, na mtu akiuza au akiweka akiba hulimaliza. Lakini deni la dhana mbaya, mdai wake akishatangulia, tunalilipa kwa nani? Hatuna njia ila kumwombea. Bi Mwanakheri aliishi katika nyumba ile mpaka uzee, na inasemekana hakuswali swala moja bila kumtaja Fundi wake.

Ewe Mola, Mwenye kujua yaliyofichwa vifuani, mrehemu Shekuwe mshona makubadhi na mjane wake, na uwarehemu wetu waliotutangulia, ambao walituwekea mema tusiyoyaona, nasi tukawadhania mengine. Walipe wanaowadai, utulize nyoyo zao kwetu, na uyapanue makaburi yao. Amin.